Uvuvi wa Mvua ya Kwanza: Urafiki wa Mlima na Ziwa, Bibokoboko na Baraka

Kila nchi ina majira yake ya kuvua. Kwetu sisi, kati ya milima ya Bibokoboko na mwambao wa Baraka, katika teritware ya Fizi, majira hayo huanza pale kiangazi kinapokatika. Tangu mwezi wa sita mpaka wa nane mito ya mlimani hupungua, mawe hubaki nje, na mtu huvuka bila kukunja suruali. Halafu mwezi wa tisa unaingia. Mawingu yanakusanyika upande wa Itombwe, radi inasikika mara mbili tatu, na siku moja mvua ya kwanza inapiga. Baada ya mvua hiyo kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu.

Kina mama na watoto huwakimbilia na vikapu, maana kumbikumbi wakikaangwa ni mboga tamu. Lakini sisi vijana tulikuwa tukiweka kando kopo moja kwa kazi nyingine. Kopo hilo lilikuwa chambo chetu.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza uvuvi wa mvua ya kwanza: ulivyofanyika, ulivyoanza kwa watu wa mlimani ambao zamani hawakula samaki, na ulivyovunjika. Tunaposema "sisi" tuna maana ya watu wa mlima na watu wa mwambao pamoja, kwa sababu uvuvi huu haukuwa wa upande mmoja. Tunaandika pia kwa sababu watoto wengi wa Bibokoboko wanakua leo mbali na mito yao, na hakuna aliyewaonyesha.

Watu wa maji na watu wa majani

Nchi yetu ina ngazi mbili. Chini kuna ziwa Tanganyika na ghuba kubwa iliyofungwa na rasi ya Ubwari. Juu kuna milima yenye baridi na majani mazuri ya ng'ombe. Mto Mutambala na vijito vyake vinashuka kutoka juu mpaka chini, na ndiyo maana tunasema kwamba mlima na ziwa hunywa maji mamoja.

Kule chini, Babwari na Bazoba wanajulikana tangu zamani kuwa watu wa mitumbwi. Babembe walishuka kutoka misitu ya Itombwe wakiwa wawindaji na wakulima, na wengi wao walipofika mwambaoni wakajifunza ziwa. Mnamo Aprili 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walipita huku kwa mitumbwi kutoka Ujiji wakielekea Uvira. Walitua Ubwari, na Burton akadhani ni kisiwa. Wasafiri waliokuja nyuma yake ndio walioona kwamba ni rasi, na ramani zikaipa ghuba yetu jina la Burton. Wenyeji hawakuhitaji ramani hiyo. Walikuwa wanajua tayari pahali pa kupumzisha mtumbwi upepo ukichafuka.

Kule juu mambo yalikuwa mengine. Banyamulenge ni wafugaji, na wafugaji wengi wa zamani hawakula samaki. Mzee wa zizi alichukizwa na harufu yake. Chombo kilichogusa samaki hakikuruhusiwa kukaribia maziwa. Kuna wazee tuliowajua sisi wenyewe ambao mpaka kufa kwao hawakuonja hata ndagala mmoja. Majirani zao wa mlimani, Banyindu, Bafuliru na Babembe waliokaa huko, walikuwa wanakula, lakini samaki mlimani alikuwa kitu cha nadra.

Njia iliyounganisha ngazi hizi mbili ilikuwa soko. Kina mama wa mwambao walipanda na ndagala wakavu, chumvi na mafuta ya mawese. Watu wa mlima walishuka na maziwa, siagi, maharage, na mara nyingine ng'ombe wa kuuza. Hapo ndipo urafiki wa nyumba kwa nyumba ulipoanza. Mtu wa mlima akichelewa sokoni alilala kwa rafiki yake wa Baraka. Mtu wa Baraka akipanda alijua mlango wa kubisha. Watoto waliofuata wazazi wao wakajuana pia, na mtoto akicheza na mtoto mwenzake hawezi kukaa miaka bila kuonja chakula cha kwao.

Hivyo desturi ya kutokula samaki ililegea polepole bila mkutano wowote. Vijana walianza kula wakiwa Baraka, halafu wakanawa mikono vizuri kabla ya kurudi nyumbani. Baba mmoja alimwambia mwanawe, "Kula huko huko kwa rafiki yako, lakini kisabo yangu usiiguse." Ndivyo tulivyosikia, na ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi: kisabo cha maziwa kikabaki na heshima yake, samaki naye akapata chungu chake nje ya nyumba.

Jinsi ya kuvua kwa kumbikumbi

Sasa tueleze kazi yenyewe.

Samaki wengi wa huku wana tabia ya kupanda mito mvua zinapoanza. Kambale huacha maji makubwa na kufuata maji mapya mpaka kwenye mabwawa na majani yaliyofurika, huko ndiko anakotaga. Kuna pia samaki wa magamba makubwa anayetoka ziwani na kupanda mto kwa kusudi hilo hilo. Kwa hiyo mwanzo wa mvua huwakuta samaki safarini, wana njaa, na juu ya maji kuna kumbikumbi wanaoanguka wenyewe. Samaki huja juu, anafungua mdomo, unasikia "chubwi", na duara linabaki juu ya maji.

Kijana mwenye akili hukaa kimya akihesabu maduara hayo. Fimbo yake ni ya mwanzi au ya mti mwembamba unaopinda bila kuvunjika. Kamba zamani ilikuwa ya nyuzi za mimea, baadaye ikawa ya nailoni kutoka sokoni. Ndoano, ambayo sisi tunaita ndobo, ilinunuliwa Baraka. Aliyekosa pesa alikunja waya au pini na kuinoa kwenye jiwe. Risasi ya kuzamisha haitakiwi, kwa sababu kumbikumbi anatakiwa kuelea. Unamchoma mgongoni taratibu, mabawa yabaki. Unamrusha juu ya mkondo na kumwacha ashuke na maji kama mwenzake aliyeanguka mwenyewe. Ukivuta kamba mapema, samaki anajua. Ukichelewa, anamtema.

Kosa kubwa la mtoto mgeni lilikuwa kusimama mbele ya mwanga. Kivuli chake kikianguka majini, bwawa zima linanyamaza. Wakubwa walikuwa wakituambia: "Mutoto, kaa chini. Samaki iko na macho, na iko na masikio. Ukipiga mayi mateke, turudi nyumbani tukalale."

Hakuna aliyekwenda peke yake. Sababu ya kwanza ni usalama: mto wa mlimani unaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali, wakati kwako jua linawaka. Ilibidi mmoja akae juu ya jiwe akisikiliza mto. Akisikia ngurumo, au akiona maji yamebadilika rangi na kuleta majani, anapiga mluzi na wote wanatoka, hata kama samaki ameshika ndobo. Sababu ya pili ni kwamba kazi ziligawanywa. Mmoja alikuwa mtu wa kopo, mwingine wa moto, wengine wawili au watatu wa fimbo. Mtoto wa mlima alileta maziwa ya mgando na mahindi. Mtoto wa mwambao alileta chumvi, pilipili na ujuzi. Kwa kweli, sisi wa mlimani tulifundishwa na wao. Wao nao walifundishwa na sisi mambo ya malisho, kuita ng'ombe kwa jina, na kukamua bila kupigwa teke.

Sheria za mto

Uvuvi huu ulikuwa na sheria, ijapokuwa hazikuandikwa popote.

Samaki wa kwanza hauzwi. Huchomwa pale pale ukingoni na kila mmoja anakata kipande, hata yule aliyekaa juu ya jiwe siku nzima. Wa mwisho kuonja ni yule aliyemvua.

Wanaobaki wanagawanywa kwa nyumba, wala hawagawanywi kwa fimbo. Aliyevua watano na aliyevua sifuri wanarudi na kitu.

Bwawa ambamo samaki wanataga haliguswi. Ukiona samaki wanasukumana mahali pa maji machache, unapita. Wazee walisema kwamba ukimla mama akiwa njiani kwenda kuzaa, mwaka ujao utakuja kuvua mawe.

Utupa ni marufuku kwenye maji ya watu wote. Utupa ni mmea ambao majani yake yakitwangwa na kutiwa majini huwalevya samaki, wakaelea wakubwa kwa wadogo. Zamani ulitumika katika vibwawa vilivyokuwa vinakauka mwishoni mwa kiangazi, kwa ruhusa ya wazee, ambapo samaki wangekufa hata hivyo. Kijana aliyeutia mtoni kwa siri alitozwa faini, na aibu ilimfuata baba yake mpaka sokoni, kwa kuwa maji hayo watu na ng'ombe wanayanywa kule chini.

Trauti wa wenzetu

Tunajua kwamba uvuvi wa kumdanganya samaki kwa mdudu juu ya maji uko pia katika nchi nyingine. Huko Ulaya wanavua samaki aitwaye trauti kwa nzi bandia, aliyefungwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoano ndogo. Mwingereza Ewart Grogan, aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri, alipita kwenye ziwa letu na bonde la Rusizi mwaka 1899. Miaka sita baadaye, mwaka 1905, Grogan huyo huyo alileta mayai ya trauti kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Trauti walizaa, wakaenea katika mito ya baridi ya huko na ya mlima Kenya, na mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo. Ili kuwavua ilibidi kukata leseni.

Tunaitaja habari hii kwa sababu moja. Walowezi wa Kenya walimleta samaki wao kutoka mbali ili wavue na marafiki zao kama walivyozoea kwao. Maana yake hata wao waliona kwamba mtu asipokuwa na mto wa kukaa na rafiki zake, anakosa kitu. Sisi hatukuhitaji kuleta samaki wala nzi wa manyoya. Mungu alileta kumbikumbi na mvua kwa wakati mmoja.

Usiku wa ziwani

Kijana aliyekwisha kujua mto alitamani ziwa. Huko kazi ni ya watu wazima, lakini msingi ni ule ule.

Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni au matete mbele ya mtumbwi, na ndagala walipokusanyika kwenye mwanga waliwachota kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Taa za petroli zilichukua nafasi ya moto, na katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za kuinua, zinazoshushwa kati ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti. Miaka hiyo hiyo Wagiriki walileta meli za nyavu kubwa za kuzungushia upande wa kaskazini mwa ziwa. Elimu nayo ilikuja: Mbeleji Max Poll alichunguza samaki wa ziwa katika msafara wa mwaka 1946 na 1947, na Uvira kikajengwa kituo cha utafiti wa maji ambacho leo kinajulikana kama CRH.

Ndagala hufuata vijidudu vinavyokusanyika kwenye mwanga, na mikebuka huwafuata ndagala ili kuwala. Ndiyo sababu mvuvi wa Baraka anahesabu mwezi kuliko kalenda. Usiku wa giza anaingia ziwani. Mwezi ukiwa mpevu taa inashindwa nguvu, basi anabaki nchi kavu akishona nyavu, na samaki wanapumzika. Asubuhi mwenye chombo anapata fungu lake, wavuvi wanagawana linalobaki, na kila mmoja hupewa samaki wa mboga ya nyumbani kabla ya hesabu ya pesa. Mgeni wa mlimani aliyelala kwa mvuvi naye alipewa. Tumerudi Bibokoboko mara nyingi na ndagala ambao hatukuwalipia.

Jinsi ulivyovunjika

Haitoshi kusifu ya zamani na kunyamazia yaliyoharibu. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika Fizi, na milima yetu ikawa nchi ya vita. Waasi waliposukumwa milimani walichukua ng'ombe wa wafugaji, na vijana wa wafugaji wakashika bunduki upande wa serikali. Tangu hapo jirani alianza kumtazama jirani kwa jicho lingine. Soko lilirudi, urafiki wa nyumba kwa nyumba nao ulirudi, lakini si kila njia ilifunguka.

Vita vya mwaka 1996 vilikuwa vibaya zaidi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeandika mauaji ya Banyamulenge huko Baraka na Lweba mwezi Septemba 1996, na mauaji ya Babembe huko Makobola kuanzia tarehe 30 Desemba 1998. Kila upande una makaburi yake, na hakuna mwenye haki ya kuhesabu ya kwake tu. Mwezi Oktoba 2021 vita vilifika tena Bibokoboko penyewe. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakapotea, na watu wengi wakakimbilia Baraka.

Basi watoto wa mlima wakashuka ziwani, safari hii bila kopo la kumbikumbi wala maziwa ya mgando. Njia ya mtoni iliyokuwa ya watoto ikawa njia ya wenye silaha. Mtoto hawezi kukaa kimya juu ya jiwe akisikiliza mto kama anasikiliza pia risasi.

Samaki wenyewe wamepungua. Watu wenye njaa wanavua kwa vyandarua vya mbu, na chandarua hakimwachi hata mtoto wa samaki aliyezaliwa jana. Milima iliyokatwa miti inaleta udongo mtoni. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya ziwa Tanganyika yamepata joto, chakula cha chini hakipandi juu kama zamani, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki huenda yamepungua kwa asilimia 30 kwa sababu hiyo. Nchi zinazozunguka ziwa zimeanza kupatana juu ya kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wavuvi wengi walilalamika, na tunawaelewa, maana tumbo halifungwi kwa amri. Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Bwawa la kutagia lililopitwa bila kuguswa, na usiku wa mwezi mpevu bila taa, yalikuwa mapumziko hayo hayo, na hakuna polisi aliyetumwa kuyasimamia.

Tunachoomba

Hatuandiki haya ili kusema kwamba samaki wataleta amani. Amani inahitaji mambo makubwa kuliko fimbo ya mwanzi. Tunasema tu kwamba urafiki wetu haukuanzia katika hotuba. Ulianzia kwenye vitu vidogo: chumvi ya huyu, maziwa ya yule, na mtu mmoja aliyekubali kukaa juu ya jiwe bila kuvua ili wenzake wasichukuliwe na maji.

Wazee wa mlima na wa mwambao ambao bado wako hai wanajua mabwawa kwa majina. Tunawaomba wawatajie watoto majina hayo, wa Baraka na wa Bibokoboko pamoja, na wawaeleze sheria za mto kama tulivyozieleza hapa. Majina ya mabwawa yakisahauliwa, hata siku njia itakapofunguka watoto hawatajua pa kukaa.

Mwaka uliopita, mvua ya kwanza ilipopiga Baraka, kumbikumbi walitoka kama kawaida. Tuliwaona watoto wawili, mmoja wa pale na mmoja aliyeshuka kutoka juu, wakiwakusanya kwenye kopo moja la nyanya. Tukawauliza, "Munawapeleka kukaanga?" Yule wa pale akajibu, "Hapana, baba. Huyu anasema kwao samaki inakula hii. Tunaenda kuangalia kama ni kweli."

Tukawaonyesha namna ya kumchoma mgongoni, mabawa yabaki.